Masika Darasani: Mwongozo kwa Mwalimu wa Shule Ndogo

Mwalimu wa shule ndogo, hasa shule shikizi yenye vyumba viwili na walimu wawili, hahitaji kuelezwa Machi inavyokuwa. Wiki hii rejista imejaa, wiki ijayo mto umejaa na watoto wa ng'ambo hawaonekani. Wengine wamebaki shambani kufukuza nyani wanaofukua mbegu. Waliofika wamelowa, madaftari yamelowa, na mvua ikianza kupiga bati hakuna anayesikia unachosema. Mei inapokwisha, mtihani wa muhula uko mlangoni na azimio la kazi limebaki nyuma wiki kadhaa.

Naamini kwa dhati kwamba mtoto wa shule ya pembezoni anastahili muhula mzima kama mtoto wa mjini. Njia ya kumpatia ni kuyaandika masika ndani ya azimio la kazi tangu Januari, tena kuyaandika mara mbili: kwanza kama wiki zenye upungufu, pili kama zana ya kufundishia ambayo shule yako inaletewa bure kila mwaka.

Panga kabla mvua haijashuka

Mwaka wa shule Tanzania una siku 194 za masomo. Kwa mikoa yenye misimu miwili ya mvua, yaani Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Unguja, Pemba, Kilimanjaro, Arusha na ukanda wa Ziwa Victoria, masika huanzia Machi hadi Mei. Hesabu mwenyewe: zaidi ya nusu ya muhula wa kwanza iko ndani ya mvua. Ukiwa Dodoma, Singida, Tabora, Mbeya au Mtwara, mvua yako ni moja, inaanza Novemba na kuisha Aprili, kwa hiyo wiki zako ngumu ni Januari na Februari na mpango huu utausogeza. Walimu wa Kenya wana likizo ya Aprili katikati ya masika, lakini hata hiyo si kinga: mwaka 2024 mafuriko yalisogeza ufunguzi wa muhula wa pili kutoka tarehe 29 Aprili hadi 13 Mei.

Kabla ya msimu kuanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mwelekeo wa mvua za masika kwa kila kanda. Usikilize redioni, uandike wiki ambayo mvua inatarajiwa kuanza kwenu, kisha kaa chini na azimio la kila somo na penseli. Zungushia wiki za mvua. Halafu pitia mada moja moja na ujiulize: mtoto akiikosa hii, ataelewa ile inayofuata? Ambayo jibu lake ni hapana, hiyo ni nguzo. Kwa Darasa la Kwanza, sauti za herufi na kuunganisha silabi ni nguzo. Kujumlisha na kutoa namba ndogo ni nguzo. Hali ya hewa, mimea, usafi wa mazingira na vipimo si nguzo kwa maana hiyo, kwa kuwa zinasimama zenyewe, na mvua inaponyesha zinafundishika vizuri kuliko wakati mwingine wowote. Basi nguzo zivute Januari na Februari, mada za mimea na hali ya hewa zipeleke Machi na Aprili.

Kupangua mada kunahitaji ridhaa. Nenda kwa mwalimu mkuu wa shule mama na mwalimu wa taaluma ukiwa na azimio mkononi, waeleze sababu, waombe saini. Mthibiti ubora akija Aprili akakuta unafundisha vipimo wakati shule nyingine ziko kwenye mada tofauti, atakuta pia mpango uliokubaliwa.

Katika kila wiki nne za masika, moja iache tupu. Usiipe mada yoyote, hata ukishawishika. Hiyo ni ya kufidia, na nakuhakikishia itajaa yenyewe.

Ratiba ya siku nayo iguse kidogo. Watoto wanaotoka mbali wanachelewa wakati wa matope, na kipindi cha kwanza kikiwa Hisabati, ni walewale wanaokosa Hisabati kila siku. Kwa miezi hiyo, kipindi cha kwanza kiwe kile ambacho anayeingia katikati hapotezi uzi: kusoma vitabu vya hadithi, mwandiko, kuchora. Somo la nguzo liwekwe baada ya saa tatu, wote wakiwa wamefika na nguo zimeanza kukauka.

Hesabu ya Ijumaa

Hii ndiyo kazi ndogo kuliko zote humu, na ndiyo itakayokuokoa. Kila Ijumaa, watoto wakishaondoka, tenga dakika chache na daftari moja lenye safu tatu: nilichopanga, nilichofundisha, nani hakuwepo. Safu ya tatu iandike kwa majina. Ukiandika “watoto 9 hawakuwepo” hutajua la kufanya Jumatatu. Ukiandika majina tisa, utaona kwamba sita kati yao wanatoka kitongoji kimoja ng'ambo ya mto na kwamba wote wamekosa kutoa kwa kuchukua. Hapo una kikundi, una mada, na una nusu saa ya kuwakalisha pamoja siku watakayovuka.

Weka pia kanuni moja na uifuate bila kujadiliana na nafsi yako kila asubuhi: wakifika chini ya nusu ya darasa, mada mpya ya nguzo haifundishwi. Ukiifundisha kwa watoto wanane kati ya ishirini, utairudia kwa kumi na wawili wiki ijayo, na wale wanane watakaa wakipiga miayo.

Lakini wale wanane wametembea kwenye matope kuja kwako. Wasikae kuchora tu mpaka saa ya kuondoka. Siku ya mahudhurio madogo ni siku ambayo mwalimu wa shule kubwa haipati kamwe: unaweza kumsikiliza kila mtoto akisoma, mmoja mmoja, akiwa ameketi kando yako. Mpe ukurasa mmoja wa kitabu asichokikariri. Sikiliza anapokwama. Kuna anayesoma “mbwa” vizuri akashindwa “mbwembwe”. Kuna anayetazama picha na kubuni sentensi, na kwa kuwa anabuni vizuri, darasani alikuwa anaonekana anasoma. Huyo huwezi kumgundua katika kusoma kwa pamoja hata muhula ukiisha. Andika ulichokisikia kando ya jina lake, na anayefuata aje. Ukimaliza wanane, umefanya upimaji ambao hakuna mtihani unaoweza kuufanya.

Wanaosubiri zamu wape kazi ya kutunga. Baada ya mvua za kwanza kumbikumbi hutoka kwa wingi, na kila mtoto ana habari zake: waliwakamata vipi, nani alikaanga, nani alikatazwa. Mtoto wa Awali akuambie sentensi moja, uiandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, aichoree picha. Wa Darasa la Pili aandike mwenyewe. Shona karatasi hizo kwa uzi na utapata kitabu cha kusoma ambacho kila neno lake watoto wanalijua, jambo lenye thamani pale vitabu ni vichache.

Mvua ikipiga bati

Usishindane na bati, sauti yako itaisha kabla ya mvua. Andaa mapema kazi za kimya, uzihifadhi kwenye boksi moja lenye alama, ili mvua ikianza ulinyanyue tu. Ndani yake ziwepo kadi za silabi za kupanga maneno, kadi za hesabu zenye jibu nyuma ili wawili wapimane, vizibo vya soda, vijiti vya kuhesabia na maswali ya kunakili.

Kubaliana na darasa ishara za mkono wakati wa jua, mzifanyie mazoezi kama mchezo: mkono juu maana yake simamisha kazi, vidole viwili fanya na jirani yako, ngumi funga daftari. Watoto wanazipenda, na utazitumia hata siku kavu. Kwa mwenye madarasa mawili chumba kimoja, ishara hizi zina faida ya ziada, kwani unaongoza kundi la nyuma bila kukatiza somo la kundi la mbele.

Madaftari yabaki shuleni miezi hii yote. Ndoo kubwa yenye mfuniko inatosha darasa dogo. Kazi ya nyumbani iwe ya mdomo: leta neno linaloanza na “nya”, hesabu kuku wa nyumbani, muulize bibi jina la upepo unaovuma sasa.

Swali hilo la bibi lina kazi yake. Vitabu vingi vya picha vinavyotoka nje vinaonyesha theluji, kisha maua, kisha jua, kisha majani makavu, na mtoto anakariri majira ambayo hajawahi kuyaona. Chora duara kubwa ubaoni na mlijaze pamoja: kaskazi na joto lake, masika, kipupwe na baridi yake, vuli. Kila kipande kiwe na kinachopandwa, kinacholiwa na kinachovaliwa. Hilo ni somo la kipindi kimoja tu, usilirefushe.

Kipimo cha mvua

Kama utafanya jambo moja tu kutoka mwongozo huu, fanya hili. Linabeba madarasa yote kwa pamoja, halihitaji fedha, na kila siku linatoa namba mpya ambazo hakuna kitabu kilichozichapa.

Tafuta chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka. Zenye mikunjo mingi hazipimi sawasawa. Ikate pale inapoanza kupinda kuelekea shingoni. Kipande cha juu kigeuze shingo chini, ukipachike ndani ya kile cha chini kiwe faneli. Kitako cha chupa hakiko sawa, kwa hiyo weka kokoto chache na maji mpaka usawa ambapo ubavu umenyooka, upige mstari kwa kalamu ya wino usiofutika. Hapo ndipo sifuri. Kutoka hapo chora milimita kwa kutumia rula. Isimamishe ndani ya kopo lenye mchanga ili upepo usiiangushe, mahali pa wazi, mbali na mti au jengo kwa angalau mara mbili ya kimo chake.

Pimeni saa tatu kamili asubuhi kila siku. Ndiyo saa ambayo vituo vyetu vya hali ya hewa husoma mvua ya saa 24 zilizopita, na watoto wakilijua hilo wanasimama kwenye chupa yao kwa heshima nyingine kabisa. Mkishasoma, maji yamwagwe mpaka yarudi kwenye mstari wa sifuri.

Tuseme leo mmoja anasema 12, mwenzake anasema 13. Usiwaamulie. Aliyesema 13 amesimama, anatazama kutoka juu. Waambie wote wachuchumae mpaka macho yalingane na maji, wasome pale chini kabisa kwenye mpindo wa maji. Sasa wote wanasema 12. Hapo wamejifunza kupima kwa macho yao wenyewe.

Rudini ndani, kila kundi na kazi yake. Awali wanachora jua, wingu au mvua kwenye kalenda ya manila. Darasa la Kwanza wanahesabu vizibo 12, wanafunga fungu moja la kumi na kubaki na viwili, na makumi na mamoja yamefundishika bila maelezo marefu. Darasa la Pili wanalinganisha siku: jana 31, leo 12, ya jana ilizidi kwa ngapi? Hiyo ni kutoa kwa kuchukua, mada iliyokuwa inakusumbua. Darasa la Tatu wanachora grafu ya mihimili, wanatafuta jumla ya wiki. Namba moja imelisha makundi manne, na katika kila andalio la somo unaandika umahiri uliomo kwenye muhtasari. Usisahau kuuandika. Shughuli isiyo na umahiri wake kwenye andalio ndiyo inayofanya watu waseme walimu wa shule ndogo wanacheza na watoto.

Jumatatu ina utata wake: maji yaliyomo ni ya tangu Ijumaa saa tatu. Waonyeshe hilo, waandike “siku tatu” kando ya namba. Mtoto akiuliza kwa nini mhimili wa Jumatatu ni mrefu kila wiki, mpe nafasi darasa zima limjibu.

Kwa wakubwa kuna hatua nyingine. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Wapeni kamba iliyofungwa fundo kila mita, wapime sakafu ya jengo pamoja na sehemu paa linapotokeza nje. Wakipata mita 9 kwa 6, paa lina mita za mraba 54. Siku ya milimita 31, maji yaliyoanguka juu yake ni 31 mara 54, yaani lita 1,674. Toa moja ya tano kwa yanayorukia pembeni na kupotea, zinabaki lita 1,339 na ushee. Jaba la kawaida linachukua lita 200. Acha wagawanye. Wakigundua kwamba zaidi ya majaba sita yamepita mbele ya macho yao kwa siku moja, wakati kila asubuhi wao hubeba maji kutoka kisimani, hawatanyamaza. Jibu hilo lihifadhi, nitalirudia.

Mbegu

Hapa nitasema machache kwa sababu watoto wengi wanajua kupanda kuliko vitabu vyao. Tumia vitako vya chupa nyingine. Panda kunde au choroko, ambazo huota ndani ya siku chache, pamoja na mahindi yanayochukua muda zaidi, ubandike mbegu kwenye ubavu wa chupa ili mizizi ionekane. Kunde inatoka na majani mawili mazito yaliyokuwa ndani ya mbegu, mahindi yanatoka na jani moja lililosokotwa. Pimeni kimo kila baada ya siku mbili, mwandike.

Chupa moja ipelekwe kabatini penye giza. Mche wake utakuwa mrefu kuliko wenzake, mwembamba na wa njano. Darasa litasema umeshinda. Wape wiki nzima wabishane kabla hujawaambia kitu.

Bustani ya nje ina hesabu pia. Mahindi yakipandwa mbegu moja kwa shimo, nafasi ya kawaida ni sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo. Kamba, vijiti, na swali: mstari wa mita 6 una mashimo mangapi? Wengi watajibu 20. Wapeleke wakahesabu, watakuta 21, kwa sababu mstari unaanza na shimo.

Yasiyo na mjadala

Radi ikisikika, hakuna anayetoka kwenda kwenye kipimo, hata kama ni saa tatu. Wafundishe kuhesabu sekunde kati ya mwanga na mshindo wakiwa ndani: sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, hivyo kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, wote wabaki ndani mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mwembe wa uwanjani na mlingoti wa bendera visikaribiwe.

Kuhusu mto, kutana na wazazi na mwenyekiti wa kitongoji Februari, mchague jiwe au nguzo upande wa kijijini na mpige alama ya rangi. Maji yakigusa alama, mtoto havuki, na shuleni haulizwi wala haadhibiwi. Maji ya kasi yanayofika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mwisho wa siku pia, mmoja wenu awe na simu ya mzazi wa ng'ambo, amuulize hali ya mto kabla watoto hawajaachiwa.

Madimbwi na vijito vilivyotulia visigeuzwe uwanja wa kuchezea, hasa Kanda ya Ziwa, Unguja na Pemba ambako kichocho bado kipo. Badala yake, Ijumaa zungukeni shule mkimwaga maji kwenye makopo, vifuu na matairi. Kiluwiluwi anaweza kuwa mbu ndani ya wiki moja hadi mbili, kwa hiyo mzunguko wa kila wiki unamkatiza njiani. Idadi ya makopo yaliyokutwa na maji iandikwe ukutani karibu na grafu ya mvua.

Barua ya Mei

Sasa lile jibu la paa. Wiki ya mwisho kabla ya mtihani, Darasa la Tatu waandike barua kwa kamati ya shule: anwani, salamu, hesabu ya maji ya masika yote, na ombi la gata na jaba moja la kuanzia. Uandishi wa barua utakuwa umefundishwa kwa sababu ya kweli, na wanakamati watasoma namba zilizopimwa na watoto wao wenyewe. Barua ifike kabla ya likizo ya Juni, ili kikao kikae Julai au Agosti familia zikiwa zimevuna, na fundi apande paani Septemba, kabla ya vuli. Nakala ya barua, grafu ya manila na daftari la Ijumaa vifungwe pamoja na kuachwa ofisini kwenye faili la azimio la kazi. Januari, wewe au mwalimu atakayekuwa amehamia hapo atapanga masika yake akijua ni wiki zipi hasa mto ulivuka alama.